Subira Si Kuziba Kinywa: Elimu ya Kupima Ustahimilivu wa Nafsi kwa Maneno ya Mtu

Wazee wetu wametuachia methali mbili ambazo, kwa mtazamo wa haraka, zaonekana kupingana. Ya kwanza yasema, Subira yavuta heri. Ya pili yasema, Mficha maradhi, kifo humuumbua. Katika nyumba zetu nyingi ile ya kwanza hushikwa kwa mikono miwili na ile ya pili huachwa mlangoni. Mtoto wa kiume akifiwa na mama yake huambiwa, "Nyamaza, baba, wewe mwanamume." Binti akirudi kwao na talaka mkononi huambiwa ya kuwa mambo ya nyumba ni siri, afunge mdomo, yatapita. Kijana aliyepoteza kazi hujificha chumbani, na watu wa nyumbani humsifu kwa sababu halalamiki. Basi twafika mahali tukadhani kuwa subira ndiyo kimya, na kwamba mwenye nguvu zaidi ya nafsi ni yule asemaye machache zaidi.

Je, ni kweli? Hili ni swali lenye uzito, maana ndani yake mna afya ya watoto wetu na ya wake zetu, na huenda mna uhai wao pia. Wala si swali la kujibiwa kwa kukisia tu. Tangu miaka ya 1980 wako watu waliokaa na kulipima, na wengi wao hawakuwa maprofesa wenye mvi. Walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu waliokuwa wakitafuta shahada zao za juu. Chombo chao kikubwa cha kupimia hakikuwa sindano wala mizani. Kilikuwa ni maneno: yale maneno ayaandikayo mtu anapoeleza jambo lililomuumiza. Nitaeleza habari zao, kisha tutazame yatufaayo.

WALIOFIWA GHAFLA

Habari hii yaanzia Dallas, mji wa jimbo la Texas katika Marekani, kwenye chuo kikuu kiitwacho Southern Methodist University. Alikuwako huko mwalimu wa elimu ya nafsi jina lake James Pennebaker. Mwaka 1984 yeye na mwenzake Robin O'Heeron walichapisha uchunguzi mdogo juu ya wajane na wagane waliofiwa ghafla, wengine wenzi wao wakiwa wamekufa katika ajali za barabarani, wengine wakiwa wamejiua. Waliwauliza habari za afya yao tangu msiba, na kama waliwahi kuzungumza na rafiki zao juu ya msiba huo.

Mtu angetazamia kuwa wale waliofiwa kwa kujiuliwa na mwenzi ndio wangeugua zaidi, kwa kuwa msiba wao una aibu mbele za watu. Lakini tofauti iliyojitokeza ilikuwa nyingine. Kadiri mtu alivyozungumza zaidi na rafiki zake, ndivyo maradhi yake yalivyokuwa machache, na ndivyo mawazo ya kifo kile yalivyopungua kumrudia bila kuitwa. Ama wale waliojifungia, wazo lile liliwaganda, na miili yao ikalipa.

Hata hivyo, uchunguzi huo haukutosha. Huenda mwenye afya njema ndiye apataye marafiki, na huenda ni marafiki waliomsaidia wala si maneno. Ili kujua nguvu ya maneno yenyewe, ilipasa kuwaondoa wasikilizaji na kumwacha mtu peke yake na kalamu.

DAKIKA KUMI NA TANO KWA SIKU NNE

Kazi hiyo ilifanywa na mwanafunzi wa shahada ya uzamili chuoni hapo, Sandra Beall, akiongozwa na Pennebaker. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1986. Walichukua wanafunzi 46 wenye afya, wakawagawa katika makundi manne. Kila mmoja aliketi peke yake katika chumba kidogo, akaandika kwa muda wa dakika 15, siku nne mfululizo.

Kundi la kwanza waliambiwa waandike mambo madogo yasiyogusa moyo, kama kueleza chumba au vitu wavionavyo kila siku. Hilo ndilo lililokuwa kundi la kulinganishia. Kundi la pili waliandika juu ya jambo zito lililowahi kuwapata, lakini mambo yenyewe tu jinsi yalivyotokea, bila kutaja hisia. Kundi la tatu waliandika hisia zao tupu, bila kueleza lililotokea. Kundi la nne waliandika yote mawili kwa pamoja: lilitokea nini, nami nilionaje moyoni.

Wale wa kundi la nne walipomaliza kuandika kila siku, shinikizo la damu yao lilikuwa juu zaidi na nyuso zao zilikuwa na huzuni kuliko za wenzao. Lau mtu angewapima siku hizo peke yake angesema, "Mwaona? Kufukua kaburi hakuna faida." Lakini watafiti walingoja. Walitazama daftari za zahanati ya chuo kwa muda wa miezi sita iliyofuata, wakakuta kwamba wale walioandika tukio pamoja na hisia zake walikwenda kwa tabibu mara chache zaidi. Ama wale walioandika matukio makavu, hawakutofautiana sana na wale walioeleza vyumba na viatu.

Mwaka 1988 Pennebaker alishirikiana na watafiti wawili, mume na mke, Ronald Glaser na Janice Kiecolt-Glaser wa chuo kikuu cha jimbo la Ohio. Safari hii walipima damu ya wanafunzi 50. Chembe za damu zinazopigana na maradhi zilionekana kuamka vizuri zaidi kwa wale walioandika juu ya majeraha ya nafsi zao. Kisha mwaka 1994 ukachapishwa uchunguzi mwingine, ulioongozwa na Stefanie Spera, juu ya wataalamu 63 waliokuwa wamepoteza kazi. Walioandika fikira na hisia zao juu ya kuachishwa kazi walipata kazi mpya mapema zaidi kuliko wenzao, ingawa hawakuwa wametuma barua nyingi zaidi za kuomba.

Twaona basi ya kuwa maneno yana kazi. Lakini swali kubwa lilikuwa bado: ni maneno gani? Wawili waweza kuandika msiba ule ule kwa urefu ule ule, mmoja akanyanyuka na mwingine akabaki chini. Nini kilichowatofautisha katika maandishi yao?

MASHINE ISIYOCHOKA

Hapo mwanzo watafiti waliwapa watu wazima karatasi zile wazisome na kuzipima: hii ina hasira kiasi gani, hii ina matumaini kiasi gani. Njia hii ilishindwa. Wasomaji walichelewa, walihitilafiana, na walipokaa kutwa wakisoma habari za vifo, mateso na talaka, wao wenyewe walianza kulemewa na huzuni.

Mwanafunzi mwingine wa shahada ya juu, Martha Francis, ambaye alikuwa na ujuzi wa kompyuta, ndiye aliyetengeneza pamoja na Pennebaker, mwanzoni mwa miaka ya 1990, programu ya kuhesabu maneno. Yaitwa LIWC, kwa herufi za kwanza za jina lake la Kiingereza. Kazi yake ni nyepesi kueleza. Ndani yake mna orodha za maneno yaliyopangwa kwa makundi: maneno ya huzuni, ya hasira, ya furaha, maneno ya jamaa na ya kazi, maneno ya sababu, kama "kwa sababu" na "hivyo", maneno ya kufahamu, kama "nimetambua" na "kumbe", na viwakilishi vya watu, yaani mimi, wewe, yeye, sisi, wao. Ukiipa maandishi, yalinganisha kila neno na orodha zake, kisha yakuambia ni maneno mangapi katika kila mia yaliyo ya kundi hili au lile. Toleo la mwaka 2001 lilikuwa na maneno na mashina takriban 2,300. La mwaka 2022 lina zaidi ya 12,000.

Walipozipitisha karatasi za tafiti kadhaa katika mashine hiyo, waliona mambo matatu. La kwanza, wale waliotumia maneno mengi zaidi ya heri, kama upendo, shukrani na tumaini, hata katikati ya kueleza mabaya, walipata nafuu zaidi. La pili, maneno ya uchungu yalihitaji wastani: asiyetaja uchungu hata kidogo hakunufaika sana, na aliyetaja uchungu peke yake mwanzo hadi mwisho naye hakunufaika sana. La tatu, nalo lilikuwa na nguvu kuliko yote, waliopata afya zaidi ni wale ambao maneno yao ya sababu na ya kufahamu yaliongezeka kutoka siku ya kwanza hadi siku ya mwisho.

Litazame vizuri jambo hili la tatu, ndugu msomaji, kwa sababu ndilo kiini cha makala haya. Aliyekuja siku ya kwanza na hadithi iliyokwisha kupangwa, yenye kila sababu mahali pake, hakupata faida kubwa kwa kuisimulia mara nne. Na aliyerudia siku ya nne maneno yale yale ya siku ya kwanza hakusogea. Aliyepata faida ni yule aliyeanza na vipande vilivyotawanyika, "Sijui, sielewi, kwa nini mimi," na kwa kuandika akaanza kuviunga, mpaka siku ya mwisho akasema, "Sasa nafahamu ya kuwa ilikuwa hivi kwa sababu hii." Dawa, basi, haikuwa katika kutoa uchungu kama mtu atoavyo maji machafu katika ndoo. Ilikuwa katika kuutengenezea uchungu maelezo.

KUTOKA MIMI KWENDA WAO NA KURUDI

Baadaye Pennebaker alihamia Chuo Kikuu cha Texas katika mji wa Austin. Huko mwanafunzi wa shahada ya juu aitwaye Sherlock Campbell alizirudia karatasi za tafiti zilizopita, akatafuta ni kitu gani katika mtindo wa maandishi kilichobadilika siku hadi siku kwa wale waliopata afya. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003, na yaliwashangaza watu. Kubadilisha habari inayoandikwa hakukuwa na uzito. Uzito ulikuwa katika vile vijineno vidogo tusivyovitazama, viwakilishi vya watu.

Waliopungukiwa na maradhi ni wale ambao matumizi yao ya viwakilishi yaligeuka-geuka. Siku moja waliandika kwa "mimi" sana: niliumia, niliachwa, nililia. Siku ya pili wakaandika kwa "yeye" na "wao": naye alikuwa na hofu zake, nao hawakujua. Kisha wakarudi tena kwa "mimi." Maana yake ni kwamba waliweza kulizunguka jambo lao na kulitazama kutoka upande wa pili. Ama yule aliyeshikilia mahali pamoja siku zote nne, akawa "mimi, mimi, mimi" tangu mwanzo hadi mwisho, au asijitaje hata mara moja, huyo hakunufaika sana.

Yaafikiana na haya uchunguzi mwingine wa chuo hicho hicho, uliochapishwa mwaka 2004 na Stephanie Rude na wenzake, ambao uliona kuwa wanafunzi wenye maradhi ya huzuni kuu hulitumia neno "mimi" zaidi ya wale ambao hawajapata kuugua maradhi hayo. Tusilichukulie hili kuwa ni kiburi cha mgonjwa. Mwenye jino bovu hafikiri ila jino lake. Maumivu humfanya mtu aangalie ndani, na dunia yote ikawa nyembamba kama chumba kisicho na dirisha.

KISWAHILI CHETU MBELE YA MASHINE

Huenda msomaji akauliza kama kipimo hicho chaweza kuchukuliwa vivi hivi na kuwekwa juu ya maneno yetu. Mashine ile ilitengenezwa kwa Kiingereza, ikafasiriwa baadaye kwa lugha kadhaa. Kwa lugha yetu iko shida ambayo kila mwalimu wa sarufi ataiona mara moja. Mwingereza akisema kwamba yeye alimwambia fulani, "mimi" yake hukaa peke yake kama neno kamili, na "yeye" hukaa peke yake. Sisi twasema "nilimwambia." Ndani ya neno hilo moja yumo mimi, umo wakati uliopita, na yumo yeye. Mashine ihesabuyo maneno kwa nafasi zilizo kati yake itaona neno moja tu, na watu wawili walio ndani yake watapita bila kuonekana. Hapana budi kwanza ifundishwe kulipasua kila tendo na kutoa ni-, tu-, m- na wa- zilizomo.

Shida ya pili ni ya adabu zetu. Mtu wa kwetu akiulizwa hali, husema "Sijambo," au "Salama," au "Alhamdulillahi," hata kama usiku kucha hakulala. Kisha baada ya salamu ndipo aongezapo, "Ila mtoto ni mgonjwa, na nyumba nayo imeanguka." Mashine itahesabu heri tatu kabla ya kuifikia shari moja. Tena mtu wa heshima aweza kusema "Tumeamka salama" naye yuko peke yake nyumbani; "sisi" yake ni unyenyekevu, wala si jamaa. Na asemaye "Sina furaha" amelitaja neno furaha, na kompyuta iliyofundishwa vibaya itamwandikia furaha moja.

Sisemi haya ili kuidharau kazi ile. Nasema ili tujue ya kuwa kipimo cha maneno ni lazima kiijue lugha pamoja na watu wake. Kijana wa kwetu atakayeingia chuo kikuu na kutaka somo la kutafiti kwa shahada yake, hapa pana shamba kubwa ambalo jembe la mgeni haliwezi kulilima lote.

BAADA YA MATANGA

Tarehe 17 Oktoba 1989 ardhi ilitetemeka vikali karibu na mji wa San Francisco, na watu 63 wakafa. Pennebaker na mwenzake Kent Harber waliwauliza watu wa pande zile, juma baada ya juma, ni mara ngapi wanalifikiria tetemeko na ni mara ngapi wanalizungumza. Katika majuma mawili ya mwanzo kila mtu alilizungumza na kila mtu: majirani, wapita njia, hata waliokuwa hawajuani. Kisha mazungumzo yakakatika. Watu walikuwa bado wanataka kusimulia habari zao, lakini hawakutaka tena kusikiliza za wenzao. Hata zikauzwa fulana zenye maandishi ya kuwashukuru watu kwa kutosimulia habari za tetemeko. Ilhali mawazo hayakukatika pamoja na mazungumzo. Ikawa katika majuma yale ya kimya ndipo ndoto mbaya na magomvi ya nyumbani yalipozidi.

Sisi tunayo matanga. Siku zile tatu mfiwa hakai peke yake. Kila aingiaye humwuliza, "Ilikuwaje?" naye huanza tena: homa ilimshika Ijumaa, Jumamosi tukampeleka hospitali, Jumapili alfajiri akaniita jina. Ataisimulia hadithi hiyo mara hamsini, na kila mara vipande vyake vitakaa sawa zaidi. Wazee wetu hawakuwa na kompyuta, lakini mwenye kuweka desturi hii aliijua nafsi ya binadamu.

Walakini matanga huanuliwa. Mikeka hukunjwa, sufuria hurudishwa kwa wenyewe, watu hurudi makazini. Mjane hubaki na eda yake ya miezi minne na siku kumi, na mara nyingi katika muda huo mrefu hapana amwulizaye tena ilikuwaje. Na mtoto yatima, ambaye wakati wa matanga alikuwa akitumwa kuleta maji, huyo hakuulizwa hata mara moja. Hapo ndipo palipo na pengo letu. Katika siku tatu za mwanzo twafanya vizuri; udhaifu wetu uko katika juma la nne na la tano.

SUBIRA NI NINI BASI?

Wako watakaosema ya kuwa kueleza huzuni ni upungufu wa subira. Na tuwakumbushe habari ya Nabii Yaaqub, amani ya Mungu iwe juu yake, aliyejiwekea subira njema alipompoteza Yusuf. Hakuwa bubu. Alihuzunika hata macho yake yakawa meupe, na alimshitakia Mola wake huzuni yake kwa maneno. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya watu, na akasema ya kuwa amehuzunika, bila kusema neno la kumchukiza Mungu. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe, kurarua nguo na kuteta na Kadari. Kueleza kilichokupata ili ukifahamu si kuteta. Kwa hiyo zile methali mbili hazipingani. Subira yavuta heri. Lakini kuficha maradhi si subira, ni kuficha maradhi.

MIPAKA YA ELIMU HII

Yapasa tuwe waadilifu. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alizikusanya tafiti 146 za namna hii na kuzipima kwa pamoja. Aliona ya kuwa faida iko, lakini kwa wastani ni ndogo. Wako waliosaidika sana, wako wasiosaidika. Kuandika si dawa ya kila ugonjwa, wala hakumtoi mtu katika ufukara au katika mikono ya mume ampigaye. Mtu wa namna hiyo ahitaji kwanza kuokolewa.

Tena imethibitika ya kuwa si vizuri kumlazimisha mtu aeleze yote mara tu baada ya balaa, siku ile ile au ya pili yake, kwa kikao kimoja cha kumkamua maneno. Jambo hilo lilijaribiwa katika nchi kadhaa, na halikuwakinga watu na maradhi ya nafsi. Jeraha lingali likitoka damu hufungwa, halichokonolewi.

Na mwisho, mwenye kuhesabu maneno asidhani ameusoma moyo. Kipimo hicho hueleza tabia ya watu wengi kwa pamoja. Juu ya mtu mmoja chaweza kukosea vibaya. Mzazi asije akakaa akimhesabia mwanawe "mimi" zake na kumhukumu. Yaliyomo vifuani anayajua Mwenyewe aliyeviumba.

YA KUFANYA MAJUMBANI

Kwa aliye na jambo lililokaa rohoni majuma mengi na ajua kusoma na kuandika, atafute mahali pa faragha na dakika 15. Aandike kwa siku tatu au nne lilitokea nini na alionaje. Asijali herufi wala nukta. Asiandike ili asomwe. Akimaliza aweza kuipasua karatasi au kuichoma, ili siri yake na siri za watu wake zibaki katika sitara. Siku ya pili au ya tatu ajaribu kuandika kutoka upande wa mtu mwingine aliyekuwamo katika jambo lile. Siku ya mwisho ajiulize: nimefahamu nini leo ambacho siku ya kwanza sikukifahamu? Akiona kuandika kwamzidishia kiwewe, aache mara moja, haimlazimu.

Kwa asiyejua kuandika, asiwe na wasiwasi. Watafiti waliwajaribu pia watu kwa kuwaacha waseme peke yao mbele ya chombo cha kunasia sauti, nao walinufaika. Na kwetu yuko bibi, yuko shangazi, yuko somo wa binti, ambao kazi yao ya asili ni kusikiliza na kutunza siri.

Kwa mzazi, neno langu ni hili. Mtoto akikuletea habari iliyovunjika-vunjika, usikimbilie kumwambia "Nyamaza" wala "Hayo ni madogo." Mwulize maswali mawili tu: "Ikawaje?" na "Wafikiri kwa nini?" La kwanza humpa nafasi ya kueleza tukio. La pili humwanzishia safari ya kulifahamu. Usimpe jibu upesi, hata kama unalijua, kwani maelezo yamfaayo mtu ni yale aliyoyaunga mwenyewe. Na akikuletea habari ile ile juma lijalo, sikiliza kama neno jipya limeingia. Likiwa limeingia, mshukuru Mungu, mtoto anatembea. Likiwa halijaingia majuma kwa majuma, naye hali, halali, hachezi na wenzake, au ataja kutamani kufa, usingoje wala usimfiche kwa kuogopa maneno ya jirani. Mpeleke kwa tabibu kama umpelekavyo mwenye homa.

Kwa majirani na watu wa msikitini: mwandikeni mfiwa katika kumbukumbu zenu, si kwa siku tatu tu, bali kwa juma la tano na la sita. Nendeni bila sufuria na bila kelele, watu wawili au mmoja. Kaeni naye barazani. Msiwe na haraka ya kumpa mawaidha, maana mawaidha ameyasikia tele. Mwulizeni ilikuwaje, kisha nyamazeni ninyi, aseme yeye.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.